Maji ya Bukari Juu ya Diski

Siku pedali ya breki iliponizamia hadi sakafuni, nilikuwa nateremka kuelekea daraja dogo kwenye njia ya Kolwezi kwenda Mutshatsha. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho, majani ya kando ya barabara yamekuwa mekundu kwa vumbi, na pale darajani vijana wawili walikuwa wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala, yaani makaa. Nilikanyaga mara ya kwanza, mguu ukaingia kama kwenye mkate uliolowa chai. Nikakanyaga ya pili, ya tatu. Nikarudisha gia hadi ya pili, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na gari likasimama hatua chache nyuma ya baiskeli ya mwisho. Wale vijana hawakujua lolote. Mmoja aligeuka akaniinulia mkono wa salamu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka nilipoujibu.

Nilishuka nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele, nikakirudisha haraka. Harufu ilikuwa ya kitu kinachoungua jikoni kwa jirani. Nikakaa chini ya mti robo saa nzima. Niliporudi kukanyaga, pedali ilikuwa ngumu tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo nilipojua ugonjwa. Breki inayozama ikiwa ya moto na kurudi ikipoa, mafuta yake yamechemka.

Mimi ni fundi. Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi kwenye karakana ya magari makubwa ya mgodi mmoja karibu na Kolwezi, kabla ya kurudi nyumbani Mutshatsha na kufungua garaji yangu, karibu na reli iendayo Kasaji na Dilolo. Gari langu ni Toyota Altezza RS200, injini ya lita 2, farasi 210, gia sita. Nililipenda tangu siku ya kwanza nilipoliona, na fedha yangu yote ya ziada niliipeleka kwenye kukimbia: ekzosi pana, chujio la hewa, springi fupi. Breki nilizikuta zinashika, nikaziacha. Tangu siku ya daraja nimebadili mpangilio huo, kwangu na kwa kila kijana anayeingia garaji na gari la mbio. Nataka kueleza hapa nilivyofanya, kwa fedha ya mtu wa kawaida, maana najua magari ya namna hii yapo mengi kutoka Lubumbashi hadi Nairobi, na wenyewe wengi wako nilipokuwa mimi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Huku kwetu Lualaba, Kongo, breki tunaita freni, pedi ni plaketi, kalipa ni etrie, kwa sababu ufundi tulifundishwa kwa Kifaransa. Lakini pyesi, yaani vipuri, nyingi ni za Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia, na kutufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na majina yake ya huko. Nitasema breki, pedi na kalipa ili msomaji wa Mombasa asipotee.

Mbio zinageuka joto

Watu hudhani breki inaua mwendo. Mwendo haufi, unageuka joto. Pedi inabana diski ya chuma, msuguano unazaliwa, na nishati yote iliyokuwa inasukuma gari inaingia kwenye chuma hicho.

Chukua gari kama langu, likiwa na dereva, mafuta na mzigo kidogo: kilo 1,450. Likisimama kutoka kilomita 60 kwa saa, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha kama nusu lita ya maji na zaidi kidogo, kikombe kikubwa cha chai. Ukiongeza mwendo mara mbili, hadi 120, joto haliongezeki mara mbili. Linaongezeka mara nne. Sasa ni zaidi ya lita mbili za maji, sufuria ya bukari, yaani ugali, ya watu wanne. Na joto hilo halizaliwi polepole kama kwenye mbabula, jiko letu la makala. Linazaliwa kwa sekunde nne au tano, na sehemu yake kubwa, karibu asilimia 70, inaangukia diski mbili za mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito mwingi unainama mbele.

Kwa hesabu yangu, diski za mbele za gari la ukubwa huu zinapanda karibu nyuzi 90 kwa kila simamo moja kutoka 120. Simama mara moja, ukaendelea na safari, upepo utazipoza. Simama mara tano kwa kufuatana, nyuma ya malori, kwenye mteremko, na umekwenda juu ya nyuzi 400. Hapo pedi za kawaida zinaanza kuteleza juu ya diski, na joto linapita kwenye pistoni ya kalipa kuingia kwenye mafuta.

Mgodini tulilijua hili kuliko sala. Lori la Caterpillar 777 likiwa tupu lina takriban tani 70, na kutwa linateremka shimoni kufuata mawe. Lingetumia breki kama za gari dogo, lingefika chini mara moja tu. Breki zake za nyuma ni diski nyingi zinazoogeshwa na mafuta yanayozunguka na kupozwa, kama injini inavyopozwa na maji. Na dereva anafundishwa achague gia kabla ya mteremko kuanza, mashine yenyewe ilizuie lori, breki zibaki akiba. Nilirekebisha malori hayo kwa miaka kumi na mmoja, kisha nikapanda Altezza na kulisahau somo.

Kwenye mashindano pia ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1953 gari la Jaguar C-Type lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa likiwa na breki za diski, wakati wengi walikuwa bado na ngoma. Ngoma inafungia joto ndani yake. Diski imekaa nje kwenye upepo. Madereva wa Jaguar waliweza kuchelewa kufunga breki kila kona, saa baada ya saa, bila breki kuwachokea.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. Swali la kwanza: gari litasimama umbali gani, ukifunga breki mara moja zikiwa zimepoa? Hilo ni swali la tairi. Kama breki zako zinaweza kufunga magurudumu hadi yaburuzike, au hadi ABS ianze kugonga chini ya mguu, breki zimeshafanya kazi yake, anayeshindwa ni tairi. Swali la pili: simamo la kumi litakuwa kama la kwanza? Hilo ni swali la joto, na ndilo la pedi, mafuta na diski. Ukitaka kujua fedha yako iende wapi, jiulize kwanza ni swali gani linakusumbua.

Kwa nini huku kwetu ni lazima

Kuna jambo moja la barabara zetu ambalo vitabu vya Japani havisemi. Kongo tunaendesha upande wa kulia, na magari mengi tunayonunua usukani wake uko kulia vilevile. Nikiwa nyuma ya lori lililobeba mabamba ya shaba, kati ya Kolwezi na Likasi, siwezi kuchungulia. Ili nione mbele ni lazima nitoe karibu gari zima kwenye upande wa wanaokuja. Mara tatu kati ya nne nitaona lori lingine linakuja na nitarudi nyuma ya lile la kwanza, ambalo sasa limepunguza mwendo. Breki, tena breki, tena breki. Dereva wa namna hii anafunga breki mara nyingi kuliko anavyopita.

Upande wa Mutshatsha, mahali lami inapoishia, kuna vumbi na kokoto. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, gari linalokwenda 100 linahitaji kama mita 50 kusimama baada ya breki kushika. Kabla ya hapo, ile sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu imeshakula mita 28. Kwenye kokoto, ile 50 inaweza kuwa 100, na hakuna kalipa ya rangi yoyote itakayobadilisha hilo. Na barabarani wapo watoto wanaotoka shule, mbuzi, wasukuma makala, akina mama na ndoo za maji. Hawakuchagua kuishi kando ya gari langu.

Anza na ulichonacho

Kazi ya kwanza haina pyesi mpya. Pandisha gari, toa magurudumu, na uangalie.

Juma lililofuata daraja, nilifungua kalipa za mbele za Altezza. Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja tu. Inabana pedi ya ndani, kisha mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili ili kuvuta pedi ya nje. Pini ya juu ilitoka kwa kidole. Ya chini ilikataa. Nilipoipiga kwa nyundo ya mpira ikatoka na uji mwekundu: grisi iliyochanganyika na vumbi letu, imekuwa kama sandipepa. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa na mpasuko usiozidi ukucha. Kwa sababu ya pini ile, pedi ya ndani ilikuwa imebaki unene wa sarafu, na ya nje ilikuwa karibu nzima. Nusu ya breki ya gurudumu lile ilikuwa haifanyi kazi, na mimi nilikuwa napanga kununua ekzosi nyingine.

Seti ya mipira ya kalipa zote nne ilinigharimu dola 25. Pini nilizisafisha hadi zikang'aa, nikazipaka grisi ya silikoni inayovumilia joto. Grisi ya kawaida ya beringi usiitumie hapo, inavimbisha mpira na pini zinakwama upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kalipa ufa ni mpira wa dola mbili.

Wakati gari liko juu, angalia pia mipira inayopeleka mafuta kwenye kila gurudumu. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, au ikivimba mtu akikanyaga pedali, hiyo ni ya kutupa leo. Na jambo la afya: vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Kuna pedi ambazo bado zina asbesto, na pua haiwezi kutofautisha. Lioshe kwa maji yenye sabuni, au kwa dawa ya kusafishia breki, likiwa bado limeshika chuma.

Tairi

Najua kijana aliyekuja kuuliza breki hapendi kuambiwa habari ya tairi. Lakini ndiyo inayogusa ardhi, sehemu nne, kila moja kama kiganja cha mtu mzima.

Tairi nyingi za Kolwezi ni za okazi, zimeshatumika Ulaya au Japani. Zinaweza kuwa na meno marefu na bado zikawa zimekufa, maana mpira unakauka na kuwa mgumu kwa umri. Ubavuni tafuta neno DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Bonyeza kucha kwenye meno ya tairi. Ikigoma kama unabonyeza ubao, iache dukani. Kwa gari la mbio mimi sifungi tairi iliyopita miaka sita, hata kama inang'aa, na wauzaji wanajua kuipaka dawa ing'ae.

Kabla na baada ya tairi mpya nilipima mwenyewe, alfajiri, kwenye kipande kitupu cha lami kisicho na nyumba, rafiki amesimama mbali kunipa ishara kwamba hakuna mtu wala gari. Kutoka 60 hadi kusimama, tairi za zamani zilinipa hatua 23. Mpya zikanipa 18. Breki zilikuwa zilezile. Hatua tano ni urefu wa gari lenyewe. Seti ya tairi nne, mpya, za kiwango cha kati, niliipata kwa dola 320, na ndiyo fedha kubwa kuliko zote nilizotumia kwenye kazi hii. Sijawahi kuijutia.

Mafuta ya breki

Mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: yanakunywa maji. Yanavuta unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko, mwaka hadi mwaka, na masika yetu ya tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili hayakosi unyevu. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka kinashuka. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, inaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu, 155 ikiwa imelowa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, unabana mapovu, kalipa haipati kitu. Huo ndio mkate uliolowa nilioukanyaga pale darajani.

Niliyoyatoa kwenye Altezza yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Mapya yana rangi ya dhahabu hafifu, karibu maji. Nilinunua chupa mbili za nusu lita za DOT 4, dola 16 jumla, zenye muhuri mzima. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuwekwa rafuni usiipokee hata bure, imeshakunywa unyevu.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mpwa wangu alikaa kwenye usukani, mimi chini na kipande cha mpira mwembamba na chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Na hapa fundi wa Kongo awe macho: gari lenye usukani kulia silinda yake kuu mara nyingi iko kulia, kwa hiyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto, wala si la nyuma kulia kama tulivyozoea kwenye magari ya Ulaya. "Kanyaga, shikilia." Nafungua skrubu, mafuta meusi yanatoka na mapovu, nafunga. "Achia." Tena, na tena, mpaka mpira wote uonekane wa dhahabu. Mtungi wa juu usiachwe ukauke hata mara moja, ukikauka hewa inaingia na mnaanza upya.

Usichanganye DOT 5 na hizi nyingine. Jina linafanana na 5.1, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haipatani nazo. Mafuta ya injini au ya haidroliki usiyaweke kabisa, yataivimbisha mipira yote hadi silinda kuu. Na mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji haraka, yanaibandua. Mimi sasa nabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Pedi, na jinsi ya kuzisoma

Baada ya mafuta, pedi ndizo zinazobadilisha gari kuliko kitu kingine kwa bei yake. Lakini hapa ndipo pia tunapouziwa maboksi mazuri yenye takataka. Duka moja mjini liliwahi kuniuzia pedi zenye hologramu na lugha tatu; baada ya majuma matatu utando wake uliachana na bamba la chuma kama ganda la karanga. Tangu hapo nasoma pedi yenyewe, boksi namwachia muuzaji.

Kwenye ubavu au mgongo wa pedi nyingi kuna herufi mbili mwishoni mwa namba. Herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi katika joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa ya moto sana. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inashika vizuri asubuhi na kulegea mteremkoni. Kwa gari linalokimbia tafuta FF au FG. Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara pamoja na 90R, ya kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ya badala isipishane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Mlaghai anaweza kuchapa herufi hizi pia, kwa hiyo angalia na kazi yenyewe: utando usiwe na nyufa, ulale sawasawa juu ya bamba, uzito wa pedi ya kushoto na ya kulia uwe mmoja mkononi.

Usiende kwenye pedi za mashindano. Zimetengenezwa zishike zikiwa za moto. Asubuhi ya Juni, baridi ya Kolwezi ikiuma, gari likitoka uani, pedi ile haitashika vya kutosha, na mtoto anayekatiza barabara hatangoja ipate joto. Pedi nzuri ya barabarani, yenye chembe za chuma au ya kauri, inatosha. Zangu za mbele zilinigharimu dola 45.

Pedi mpya lazima izoeshwe diski. Kwenye barabara tupu, kutoka 70 funga breki kwa nguvu ya wastani hadi 10, bila kusimama kabisa, kisha ongeza mwendo tena. Fanya mara nane au kumi. Utasikia harufu, usiogope. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama kabisa na kubana pedi ya moto juu ya diski, utando unajipaka doa mahali pamoja, na mwezi ujao usukani utatetemeka. Utaambiwa diski imepinda, kumbe mara nyingi ni doa.

Diski na mipira ya chuma

Diski ina unene wa mwisho ulioandikwa pembeni mwake na kiwandani, neno MIN TH na milimita zake. Chini ya hapo hakuna kukereza, ni kununua. Diski nyembamba ina chuma kidogo cha kubebea lile joto la sufuria ya bukari, kwa hiyo inawaka upesi zaidi.

Vijana wanapenda diski zilizotobolewa matundu. Kwa gari la barabarani, na kwa bei zetu, mimi nasema chukua diski nzima zisizo na tundu, zenye uwazi wa hewa katikati ya nyuso mbili, za kampuni inayojulikana. Matundu yanapunguza chuma, na kwenye joto kali nyufa zinaanzia hapohapo. Zangu mbili za mbele zilikuwa dola 110.

Mipira ya breki iliyosukwa kwa nyuzi za chuma nje niliifunga mwisho, dola 90. Kusema kweli haikunipunguzia hata hatua moja ya kusimama. Ilichonipa ni pedali ngumu inayosema ukweli, mguu unajua gurudumu linakaribia kuburuzika. Kama fedha ni ya mawazo na mipira yako ya kawaida ni mizima, hii ingoje.

Kalipa kubwa

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia na Subaru Impreza, anataka kalipa nyekundu. "Yaya," yaani kaka, akaniambia, "motokari inakimbia sana, lakini freni haishike." Nilimuuliza alibadilisha lini mafuta ya breki. Hakuwahi.

Sipingi kalipa kubwa. Wenye Subaru wa Nairobi wamefanya kazi nzuri ya kuhamisha kalipa za pistoni nne kutoka ndugu mwenye nguvu zaidi wa gari lilelile, za okazi kutoka Japani, kwa sehemu ndogo ya bei ya seti mpya zenye majina, ambazo zinafika maelfu ya dola. Hiyo ndiyo njia ya mtu wa kawaida: ndani ya ukoo mmoja. Lakini hesabu zake ni nyingi. Kalipa za Brembo za Impreza STI haziingii ndani ya rimu ya inchi 15 wala 16, zinataka 17, kwa hiyo unanunua rimu na tairi pia. Pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi, na silinda kuu ndogo itafanya pedali iingie ndani zaidi. Na ukiongeza nguvu mbele tu, au mbaya zaidi nyuma tu, umeharibu mizani ambayo wahandisi waliipima: nyuma ikitangulia kuburuzika, gari linageuka. Kalipa ya okazi nayo lazima ifunguliwe, pistoni ziangaliwe kutu, mipira yote ibadilishwe.

Yule kijana aliondoka na mafuta mapya, pini zilizosafishwa na pedi za FF. Alirudi baada ya majuma mawili, bila kuuliza habari ya kalipa, akaleta gari la kaka yake.

Jumla yangu, bila tairi, ilikuwa dola 286. Kama una 60 tu, tengeneza pini na mipira ya kalipa, badilisha mafuta, na uende polepole huku ukiweka akiba ya pedi. Ukipata zaidi, tairi. Mengine yafuate.

Bado napita daraja lile karibu kila mwezi. Juu ya kilima naingiza gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka, kama madereva wa shimoni, na breki naigusa mara moja, kwa nguvu, kisha naiachia ipumue. Pedali iko juu, ngumu, ileile ya asubuhi. Wasukuma makala bado wapo pale, na baadhi yao wamezoea kuniona. Wakiinua mkono, nami nainua wangu.